Ubeti wa Pili

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI 🌴

Wahida: Shkamooni wakubwa. Mmesikia wimbo niliouweka status? Huyo dada anachana mwenyewe, kiitikio anaimba mwenyewe. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo 🔥

Mama Mdogo Zuhura: Marahaba. Hakuna? Mwanangu, hujazaliwa wewe Lauryn Hill kashaifanya hiyo kazi. 1998. Doo Wop (That Thing).

Idi: Jina kama la sabuni

Mama Mdogo Zuhura: Doo-wop ni uimbaji wa vijana weusi wa mitaani Marekani miaka ya 50. Sauti zinapangwa, nyingine zinashika nafasi ya ala. Yeye akauchukua ule mpangilio, akachana juu yake.

Mjomba Shabani: Huyo namjua toka yuko kundi la Fugees. Kanda yangu ya albamu yao, The Score, nani aliichukua?

Mama Mdogo Zuhura: Ilitafunwa na redio yako mwenyewe.

Idi: Jamani gesi ya Bibi imeisha. Zamu ya nani?

Mama Mdogo Zuhura: Wahida, enzi zile mazoea yalikuwa mwanaume anachana, mwanamke anaitwa kuja kupamba kiitikio basi. Lauryn akashika vyote viwili. Novemba 1998 wimbo ukaingia Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, ukaanzia namba moja palepale. Mwanamke wa rap aliyekuja kufika hapo tena peke yake, bila kumshirikisha mtu, ni Cardi B. Mwaka 2017!

Wahida: Miaka 19???

Mama Mdogo Zuhura: Hesabu mwenyewe. Na Februari 1999 albamu yake ikawa ya kwanza ya hip hop kuchukua Grammy ya albamu ya mwaka. Usiku ule aliondoka na tuzo tano.

Wahida: Naitazama video. Mbona skrini imekatwa katikati?

Mama Mdogo Zuhura: Mtaa ni mmoja, Washington Heights, New York. Upande mmoja 1967, upande wa pili 1998. Nguo zimebadilika, tabia zilezile.

Idi: Gesi jamani

Mjomba Shabani: Nimesikiliza ubeti wa kwanza. Safi sana. Wasichana mnaambiwa ukweli humo! Nywele za kubandika, kucha za kubandika. Wahida sikiliza mara mbili.

Wahida: Mjomba kucha zangu zimekukosea nini 🙄

Mama Mdogo Zuhura: Hapo kwenye nywele hata mimi sikubaliani naye, kila mtu na kichwa chake. Ila hajiweki juu ya wenzake, anakiri humohumo kwamba na yeye yalimkuta. Shabani, umefika ubeti wa pili?

Mjomba Shabani: Bando limekata.

Mama Mdogo Zuhura: Unaandikaje humu sasa? Nitakusimulia bure. Ubeti wa pili wanasemwa wanaume. Wanaojali rimu za gari na mabuti ya Timberland kuliko wake zao.

Idi: Rimu 👀 nani kashinda uani tangu asubuhi anasugua rimu za pikipiki

Mjomba Shabani: Idi una adabu?

Mama Mdogo Zuhura: Sijamaliza. Wanaonunua shampeni kwa makreti na bado wanalala kwa mama zao.

Wahida: 😳

Idi: 😂😂😂😂

Mjomba Shabani: Mimi nakaa hapa kumwangalia mama. Na shampeni sinywi.

Mama Mdogo Zuhura: Nani kakutaja? Mimi nasimulia wimbo.

Bibi: 🎤 0:11

Idi: Nimekufa mimi. Sikilizeni voisi ya Bibi

Wahida: Niko darasani siwezi kufungua, kasemaje??

Idi: Anauliza huyo binti wa Marekani, mambo ya nyumbani kwake kaambiwa na nani

Mama Mdogo Zuhura: 😂😂 Mama!

Mjomba Shabani: Hela ya gesi natuma mimi.