Mzingo sm 36: njia ipi inamfaa mtoto kutafuta urefu na upana?

Kipimapembe: Wadau, habari za jioni. Binti yangu kapewa swali: mzingo wa mstatili ni sm 36, taja urefu na upana wote unaowezekana kwa namba nzima. Kaandika 20 na 16. Namuuliza imekuwaje, ananijibu "si zinafika 36?" Mimi nilifundishwa kuchagua upana, kuuzidisha kwa 2, kutoa kwenye mzingo, kisha kugawanya kwa 2. Mwenzangu anasema nianze na nusu. Ipi nyepesi?

MwalimuZu: Nusu, bila shaka. Urefu mmoja na upana mmoja ni nusu ya safari ya kuuzunguka mstatili, kwa hiyo 18. Hapo kazi ni jozi tu: 1 na 17, 2 na 16, 3 na 15, mpaka 9 na 9. Akifika hapo asimame, maana 10 na 8 ni 8 na 10 iliyogeuzwa. Ziko 9. Njia yako ni sahihi, ila inamrudisha kwenye hatua tatu kwa kila mstatili, na mtoto huchoka akaruka moja.

Fumbo: 9 na 9 si mraba huo?

MwalimuZu: Ni mraba, na mraba ni mstatili pia. Swali likisema urefu uzidi upana, uache. Zitabaki 8.

Rula30: Kabla ya yote hayo, mpe uzi. Funga kitanzi cha sm 36 (pima ukishafunga, fundo linakula uzi), umshikishe kwa vidole vinne, kila kidole pembe yake. Akiongeza upana, ataona urefu unapungua kiasi hichohicho. Orodha kamili hataipata hapo, lakini hatasahau tena kwamba pande ni nne.

Kipimapembe: Na mzingo ukiwa 25?

Fumbo: Nusu ni 12.5. Namba nzima mbili hazijumliki zikafika hapo, kwa hiyo hakuna jibu. Ukiruhusu desimali, mfano 4.5 na 8, majibu hayaishi.

MwalimuZu: Tukirudi kwenye mzingo wa 36: wakitaja na eneo, tuseme sm za mraba 56, mstatili unabaki mmoja. Wengi hukimbilia mlinganyo wa kipeo cha pili. Mimi naanzia katikati: nusu ya 18 ni 9, upande mmoja uwe 9 + d, mwingine 9 − d. Eneo ni 81 − d², basi d² ni 25, d ni 5, pande ni 14 na 4. Waandishi wa Babeli ya kale walitatua maswali ya namna hii kwenye vibao vya udongo, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Na papo hapo unajua eneo haliwezi kuzidi 81. Wakikupa 90, swali lina kosa.

Kipimapembe: Asanteni sana. Tumeanza na uzi, kisha nusu, jozi zote 9 kazipata mwenyewe. Kaandika na maeneo pembeni: 17, 32, 45, 56, 65, 72, 77, 80, 81. Kaona yanaongezeka kwa 15, 13, 11, 9... Anataka kujua kwa nini.

Fumbo: Mwambie aanzie mwisho arudi nyuma, kila mara atoe kwenye 81. Atapata 1, 4, 9, 16.