Mjadala: Saki 4.5 kwa misimu mitatu, kisha chaguo la 17. Bengals waliona nini kwa Shemar Stewart?

MLETA MADA: Wakuu, wale tunaokesha na NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hili tulimalize leo. Aprili 2025 Cincinnati Bengals walimchukua Shemar Stewart wa Texas A&M raundi ya kwanza ya drafti (zamu za timu kuchagua vijana wa vyuoni), chaguo la 17. Anacheza pembeni mwa safu ya mbele ya ulinzi. Kazi yake kubwa ni kumpita beki anayemkinga kwotabeki, yule mrusha mpira, kisha kumwangusha kwotabeki kabla hajaachia mpira. Hiyo ndiyo saki, na wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja anapata nusu. Stewart kaondoka chuoni na saki 4.5. Moja na nusu kila msimu, utadhani mgawo wa sukari.

Kilichompandisha bei ni mwili. Kwenye vipimo vya kabla ya drafti kule Indianapolis alikuwa na futi 6 na inchi 5, pauni 267 (kama kilo 121), akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.59 na kuruka juu inchi 40. Pande la mtu kukimbia hivyo si mchezo, nakiri. Ila tazama mechi zake. Anachomoka vizuri, mikono inatua kifuani kwa beki, beki anarudi nyuma. Kwotabeki anapiga hatua moja tu kwenda mbele, na Stewart anampitia mgongoni mikono mitupu. Kufika anafika, kumaliza ndiyo shida. Mimi chaguo la 17 nisingempa.

MDAU: Unahesabu saki kama magoli, mkuu. Kumfanya kwotabeki arushe mpira kwa pupa nako ni kazi, ila hakuandikwi kwenye saki. Na Ezekiel Ansah umemsahau? Kijana wa Ghana, alifika chuo cha BYU kule Utah hajawahi kucheza mchezo huu, akajiunga na timu 2010. Naye alimaliza chuo na saki 4.5, zilezile! Detroit Lions wakamchukua wa 5 mwaka 2013. Msimu wa kwanza saki 8, na 2015 akapiga 14.5. Hapo skauti aliyetazama mwili alikosea wapi?

MDAU MWINGINE: Ansah mmoja kwa wangapi? 2022 Jacksonville walikuwa na chaguo la kwanza kabisa. Wakamwacha Aidan Hutchinson wa Michigan, aliyetoka kupiga saki 14 msimu mmoja, wakambeba Travon Walker wa Georgia mwenye 6. Kisa mbio, na mikono mirefu ya inchi 35 na nusu. Detroit wakamdaka Hutchinson chaguo la 2 huku wanacheka. Mwaka wa kwanza: Hutchinson 9.5, Walker 3.5.

MDAU WA KWANZA: Malizia hadithi basi. Walker akapiga 10 mwaka 2023, na 10.5 uliofuata. Mnamkata mtu mwaka wa kwanza halafu mnanyamaza.

MDAU, NAIROBI: Sisi huku tuna Daniel Adongo. Alitolewa kwenye raga akapelekwa Indianapolis Colts 2013 bila hata kupitia drafti, mwili wa kutisha. Alicheza mechi chache, 2015 wakamwacha. Mwili unakufungulia mlango tu.

MDAU MWINGINE TENA: Na rekodi je? Vernon Gholston alikuwa na vyote viwili, misuli na saki 14 za msimu mmoja Ohio State. Jets wakamchukua wa 6 mwaka 2008. Misimu mitatu New York, saki sifuri. Sifuri! Upande mwingine Aaron Donald walimwita mfupi, akasubiri hadi chaguo la 13 mwaka 2014, akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mara tatu. Hii kazi ni kamari, tusidanganyane.

MLETA MADA: Kamari sawa, lakini hata kamari ina mahesabu. Walker namkubali, ila ilibidi Jacksonville wasubiri. Bengals hawakuwa na muda huo. 2024 mlinzi wao Trey Hendrickson aliongoza ligi nzima kwa saki 17.5, kwotabeki wao Joe Burrow alirusha atakavyo, na bado wakakosa mtoano kwa sababu ulinzi ulivuja. Na huyo Hendrickson alitoka Florida Atlantic, Saints wakampata raundi ya tatu 2017. Mwili wake haukumtisha mtu, ila saki za chuoni alikuwa nazo.

Mfano wa Ansah ndio unaniudhi zaidi. Yule alikuwa hajui mchezo, kwa hiyo saki 4.5 zilikuwa za mwanafunzi. Stewart aliingia chuoni tayari ni miongoni mwa vijana waliogombaniwa zaidi nchini, akafundishwa miaka mitatu katika chuo kilekile kilichomtoa Myles Garrett, mmoja wa wakali wa saki kwenye ligi. Raundi ya pili ningembeba bila kusita. Anayetetea chaguo la 17 anieleze hao makocha wa Cincinnati watamfundisha nini ambacho wa Texas walishindwa.