Mnaoandika skripti za Stata bila komenti za maana, mnatutesa

Wakuu, naandika huku nimefura, nikipitiliza mnivumilie.

Nimerithi kazi ya jamaa aliyehamia mradi mwingine. Utafiti wa kaya, duru mbili za dodoso, na skripti, yaani faili la amri za Stata (programu ya kuchambua takwimu), ya mistari 1,400. Jina la faili: uchambuzi_final_FINAL2_sahihi.do. Pembeni yake kuna sahihi_mpya.do. Ipi ndiyo iliyotoa majedwali ya kwenye ripoti? Mungu anajua.

Fungua sasa. Mstari wa kwanza unaelekeza kwenye desktop ya kompyuta yake, na njia hiyo ya folda imerudiwa mara 38. Angeweka global moja pale juu (jina fupi linaloishika njia nzima), ningebadilisha mstari mmoja nikaendelea na maisha yangu. Vigezo vinaitwa x1, xx, q7_new2. Lebo hakuna hata ya dawa.

Komenti, yale maelezo ya msomaji ambayo kompyuta inayaruka, zipo, na ndizo zinazoniudhi zaidi:

* kufuta kaya mbili
drop if hhid == 417 | hhid == 1022

Kaka, kwamba unafuta naona, neno drop nalijua. Nataka kujua zimekosa nini! Nimempigia, ananijibu, "Aah, nadhani zile zilikuwa za majaribio. Au zilijirudia? Zamani sana bwana." Zamani gani, mwaka jana tu! Angeandika "zilijirudia, tazama daftari la msimamizi" tusingefika huku.

Halafu hii:

gen mzee = umri > 60

Wa Stata hapo mmeshashika kichwa. Stata inaihesabu thamani iliyokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo kila ambaye umri wake haukujazwa kaingizwa kwenye wazee. Na kwenye dodoso letu "sijui" ni 99. Hakuisafisha. Basi nao wamegeuka mabibi na mababu wa miaka 99. Nilishtuka nilipoona kijiji kimoja kina wazee wengi kuliko watoto. Nusu saa nzima nikawa namlaumu mdodosaji, kumbe maskini wa watu alijaza vizuri tu. Ilitakiwa kwanza ile 99 igeuzwe nukta (alama ya Stata ya thamani iliyokosekana), kisha mstari uwe:

gen mzee = umri > 60 if !missing(umri)

Na nyie wa R, ile programu nyingine ya takwimu, msinicheke huko. Mtu anaandika attach(data) juu kabisa ili aite safu kwa jina tu, katikati anabadilisha data$umri, chini anaita umri peke yake, anapewa ile ya zamani, na hakuna kosa linalotokea kwenye skrini. Nimeyaona hayo pia.

Sihitaji riwaya. Juu kabisa niandikie faili gani linaingia, lipi linatoka, skripti ipi inatangulia. Ukifuta kaya, ukibadilisha thamani, ukichagua 60 badala ya 65, niambie sababu. Mengine nitasoma mwenyewe kwenye amri. Najua mtakuja na hoja ya muda, "mabosi wanataka ripoti kesho". Sawa, dakika mbili ulizookoa wewe mimi nimezilipa kwa wiki mbili, na mshahara ni uleule.

Ijumaa natakiwa nipeleke majedwali mapya na nieleze kwa nini idadi ya wazee imeshuka ghafla kuliko ripoti iliyopita. Hiyo nitaieleza. Kaya 417 mpaka sasa sijui niirudishe au niiache.