Waandishi wa miongozo ya mitandao, nani kawaambia anwani binafsi "hazirutiki"?

Wakuu, nimechoka. Kila nikifungua mwongozo wa kusanidi ruta (kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao) au fayawoli (kinga inayochuja data) nakutana na sentensi ileile: "anwani binafsi ni anwani zisizorutika," yaani ati ruta haiwezi kuzipitisha. Anwani binafsi ni namba za IP za matumizi ya ndani, safu tatu: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 (namba baada ya mkwaju ni biti za mwanzo zisizobadilika; ikiwa ndogo, safu ni kubwa). Zisizorutika na nani? Taasisi yenye matawi inapitisha 10.0.0.0/8 kwenye ruta zake usiku na mchana, OSPF (itifaki ya ruta kupashana njia) inazitangaza, VPN (njia ya siri kati ya matawi) inazibeba, na hakuna ruta inayogoma. Ruta haijui kama 10.1.2.3 ni binafsi mpaka mtu aiwekee sheria. RFC 1918 ya mwaka 1996 (waraka wa kanuni za intaneti uliozitenga) haikusema haziwezi kurutika. Ilichosema ni kwamba taarifa za njia zake zisivuke kwenda nje ya taasisi, maana kila mtu anaruhusiwa kuzitumia hizohizo. Kukatazwa kuvuka mpaka ni jambo moja, kushindwa kutembea ni jingine kabisa.

Mnataka anwani ambazo ruta kweli haitakiwi kuzipeleka mbele? Zipo: 169.254.0.0/16, zile ambazo kompyuta hujipa yenyewe ikiikosa DHCP, huduma inayogawa anwani. Na ajabu ni kwamba hizo ndizo mnazichanganya humohumo kwenye jedwali la "binafsi".

Halafu hii 172 inanitoa jasho. Safu binafsi ni 172.16.0.0/12, yaani kuanzia 172.16.0.0 mpaka 172.31.255.255, basi. Lakini kuna mwongozo wa fayawoli niliousoma unasema ruhusu "172.x.x.x, ni za ndani". Ndugu yangu, ukiandika 172.0.0.0/8 kwenye sheria ya kuruhusu, sehemu 15 kati ya 16 za ulichofungua ni anwani za umma za watu usiowajua! Mwingine anakosea upande wa pili, anaandika /16, na seva iliyoko 172.20 inafungiwa nje huku fundi akihangaika kubadilisha nyaya.

Na "klasi C", ule mgawanyo wa zamani wa anwani kwa makundi ya ukubwa maalumu, mtaiacha lini? CIDR, mfumo wa mkwaju unaoruhusu ukubwa wowote, imekuja 1993. Mtu anasoma kwamba 192.168 ni klasi C, anaweka maski (kipimo cha ukubwa wa mtandao) ya /24 kila mahali, kisha anashangaa kwa nini vifaa vya 192.168.4 havionani na vya 192.168.5 wakati mtandao mzima umepangwa kama /21.

100.64.0.0/10 nayo mnaiita binafsi. Siyo. Ilitengwa mwaka 2012 kwa RFC 6598, ikaitwa anwani za pamoja, kwa ajili ya watoa huduma wanaoweka NAT (kubadilisha anwani njiani ili wengi watumie moja ya umma) kati yao na wateja. Ilitengwa kivyake makusudi, ili mtoa huduma asitumie 10 ikagongana na 10 ya nyumbani kwa mteja. Ukiiweka kapu moja na zile tatu umefuta sababu yote ya kuwepo kwake.

Mifano yenu sitaki hata kuizungumzia sana. Tangu 2010 RFC 5737 imetupa 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24 kwa ajili ya nyaraka tu, bado mtu anabuni anwani kichwani, na msomaji anainakili kama ilivyo kwenye seva inayofanya kazi.

Andikeni "anwani binafsi za RFC 1918", wekeni safu tatu pamoja na /8, /12 na /16 zake. Mistari mitatu tu. Na anayetetea klasi aje hapa aniambie 172.16.0.0/12 ni klasi gani. Nasubiri.