Naomba ushauri: tumechanga fedha miaka mingi kusubiri albamu mpya ya Sade, na sasa chama kimegawanyika

Mweka Hazina, Mombasa (Mei 2025)

Assalamu alaykum na habari za jioni ndugu zangu. Nimekaa na jambo hili kwa majuma mawili nikiona haya kulileta mbele ya watu, lakini leo nimeona heri niseme nisaidiwe kuliko kuendelea kulala na daftari la wenzangu chini ya mto.

Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha wapenzi wa muziki wa Sade, yule mwimbaji wa Uingereza na kundi lake lenye jina hilohilo, hapa Mombasa. Tulikianzisha Agosti 2018 tukiwa watu 11, muda mfupi baada ya Stuart Matthewman, mpiga saksafoni na gitaa wa kundi hilo, kuwaambia waandishi kwamba wanafanyia kazi albamu mpya. Tulikubaliana kila mmoja atoe shilingi 200 kwa mwezi, ili siku albamu itakapotoka kila mwanachama apate santuri yake halisi, na usiku wa kwanza tuisikilize pamoja baada ya sala ya Isha, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, pasipo mtu kushika simu.

Tulisimamisha michango kwa miezi 12 kuanzia Aprili 2020 kwa sababu ya korona, kisha tukaendelea. Mwaka 2022 zilipokuja habari kwamba Sade amekwenda kurekodi katika studio ya Miraval, kusini mwa Ufaransa, tulikesha kwa furaha tukidhani miezi tu ndiyo iliyobaki. Oktoba 2024 mmoja wetu, aliyekuwa chimbuko la chama hiki, alitangulia mbele ya haki. Alikuwa amelipa miezi 62 bila kukosa hata mmoja. Leo hazina ina shilingi 152,400 na albamu haijatoka.

Kilichonileta ni hiki. Mwezi uliopita mwanachama mmoja alitumiwa tangazo la duka la mtandaoni linalouza santuri ya albamu mpya ya Sade kwa malipo ya mapema, pamoja na picha ya jalada na wimbo mmoja wa kuonjesha. Wanachama sita wanataka tulipie nakala 10 mara moja kabla hazijaisha, na wanne tunasita. Nimeusikiliza wimbo ule usiku na mchana. Sauti inafanana na yake, lakini moyo wangu haujautambua. Nifanyeje? Na hata tusipolipa, je, ni haki kuendelea kuchangisha watu kwa ajili ya kitu ambacho mwenyewe hajakitangaza?

Fundi Sauti, Dar es Salaam

Dada, tafadhali usitoe hata shilingi moja. Nafanya kazi ya kuchanganya sauti, na nyimbo za namna hiyo zinazotengenezwa na kompyuta nimeletewa nyingi, kila mara na mtu anayetamani sana ziwe za kweli. Msikilize Sade mwenyewe: neno lake huingia nyuma kidogo ya mdundo, kama mtu asiye na haraka ya kufika, na mwisho wa mstari huiacha sauti ikauke yenyewe, ukabaki unasikia besi ya Paul Denman ikitembea peke yake. Katika nyimbo za kughushi kila neno huangukia juu ya mdundo barabara, na pumzi zote hulingana urefu. Fanya jaribio hilo kwa spika za masikioni, kisha uniambie.

Lakini usitegemee sikio pekee, kwani sikio lenye hamu hudanganyika. Waandikie wenye duka hilo uwaulize mambo mawili: namba ya katalogi ya santuri, yaani ile ambayo kampuni ya kurekodi huipa kila toleo, na majina ya watunzi wa wimbo. Katika albamu ya kundi hili majina ya wanakundi wenyewe, yaani Sade Adu, Matthewman, Hale na Denman, hayawezi kukosekana. Tena jiulize inawezekanaje jambo ambalo wapenzi wa muziki dunia nzima wamelingoja tangu Februari 2010 lipatikane katika duka moja lisilojulikana, huku kundi lenyewe na kampuni yake ya kurekodi vikiwa kimya. Albamu ile ya 2010, Soldier of Love, iliuza nakala zaidi ya 500,000 huko Marekani katika juma lake la kwanza. Kitu cha uzito huo hakitangazwi kwa kunong'onezana.

Mzee wa Kaseti, Tanga

Binti yangu, nimesoma maneno yako mara mbili na nimekuelewa vizuri, maana hata mimi ni mgonjwa wa maradhi hayo. Diamond Life, albamu yao ya kwanza, ilitoka 1984, nami niliipata kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, ambayo nayo ilinakiliwa mahali. Utepe ulikuwa ukinaswa, nikiurudisha kwa kuzungusha kalamu ya biki taratibu, na pale ulipokunjamana sauti ilizama na kuibuka katika wimbo uleule, mahali palepale. Mpaka leo nikiusikia wimbo huo kwenye redio ukipita sawasawa, nahisi kuna kitu kimepungua.

Kuhusu kusubiri, hesabu zake ziko wazi kwa anayetaka kuziangalia. Albamu tatu za mwanzo zilitoka 1984, 1985 na 1988. Ya nne, Love Deluxe, ikaja 1992. Kisha akanyamaza miaka minane hadi Lovers Rock ya 2000, akanyamaza tena miaka kumi hadi Soldier of Love. Kila kimya kimekuwa kirefu kuliko kilichotangulia, na kila mara watu walisema basi, yule mama amestaafu. Mwenyewe alieleza wakati wa albamu ile ya mwisho kwamba hurekodi anapoona ana la kusema, wala hatoi muziki kwa ajili ya kuuza tu. Mimi namwamini. Mwanamke aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, akachukuliwa na mama yake kwenda Uingereza akiwa mdogo, akasomea ubunifu wa mavazi kabla hata ya kujua kwamba ataimba, hakuwahi kuishi kwa ratiba ya mtu mwingine.

Jambo moja zaidi. Wimbo wa kwanza wa Soldier of Love ulisikika redioni Desemba 2009 na albamu ikatoka Februari 2010, yaani miezi miwili tu. Habari ya kweli ikija, mtakuwa na muda wa kutosha kuagiza, lakini haitakuja miaka mapema. Kwa hiyo hofu ya kuachwa nyuma isiwasukume.

Mkaazi wa Muscat

Mimi nitasema tofauti kidogo na Mzee wangu, kwa heshima. Soldier of Love niliinunua hapa Muscat mwaka 2010, nikaisikiliza garini nikiwa nimeegesha kando ya bahari hadi ikamalizika, na hakuna siku ninayotamani irudi kama ile. Pamoja na mapenzi hayo, naona chama chenu kimeitundika furaha yake kwenye kitu kisicho mikononi mwenu. Mmekutana mara ngapi kusikiliza albamu sita ambazo tayari zipo? Mwaka 2020 albamu zote sita zilitolewa pamoja katika sanduku moja la santuri liitwalo This Far, zikiwa zimeandaliwa upya katika studio za Abbey Road huko London. Tafuteni sanduku hilo kwa muuzaji anayejulikana, mlinunue kwa pamoja, muanze kukutana. Na michango isimame hadi tangazo rasmi litoke, kwa sababu fedha inayokaa bila kazi ndiyo inayoita matapeli.

Mwanafunzi wa Mirathi, Lamu

Dada yangu, wote wamezungumzia duka, lakini mimi kilichonishika ni ile sentensi yako kuhusu marehemu, ambayo umeipitia haraka. Mwenyezi Mungu amrehemu. Miezi 62 kwa shilingi 200 ni shilingi 12,400. Je, fedha hizo zimekwisha kurudishwa?

Nakuuliza kwa sababu makubaliano yenu, kama ulivyoyaeleza, yalikuwa kwamba mchango wa mtu ni wa kumnunulia santuri yake mwenyewe. Hiyo si sadaka wala si zawadi kwa chama. Ni amana, na mwenye amana anapofariki amana huingia katika mirathi. Sita wala wanne hawana haki ya kuipigia kura. Hata ingekuwa duka ni la kweli, kulipia nakala 10 kutoka hazina isiyotenganishwa kungekuwa kutumia mali ya warithi pasipo idhini yao. Anza na hilo kabla ya jingine lolote, uende na daftari, uwaonyeshe ukurasa kwa ukurasa, na upate saini ya aliyepokea. Baadaye wao wakipenda kuacha kitu kwa ajili ya chama, hilo litakuwa lao.

Mweka Hazina, Mombasa

Nimesoma majibu yote, na la ndugu wa Lamu limenitoa machozi kwa sababu ni kweli: nililipita haraka makusudi. Fedha zile sikuzirudisha. Kila mwezi nilijiambia kwamba albamu ikitoka nitampelekea mjane santuri ya mumewe, kana kwamba ndiyo deni lenyewe. Novemba 2024, majuma machache tu baada ya mazishi, Sade alitoa wimbo Young Lion katika Transa, albamu ya pamoja ya shirika la Red Hot, na mimi nikashindwa hata kuufungua kwa siku kadhaa, kwa sababu aliyetungoja wote tufike hapo hakuwapo.

Nitakwenda Ijumaa, inshallah.

Fundi Sauti, Dar es Salaam

Wimbo huo Young Lion ndio kipimo chenu, dada. Ucheze, kisha ucheze ule wa duka. Katika wa kweli anamwimbia mwanawe aliyebadili jinsia, akijilaumu kwa kutoona mapema uzito aliokuwa akiubeba, na utasikia jinsi anavyolishusha kila neno polepole kama mtu anayechagua la kumwambia mwanawe. Umri umeizidishia sauti yake kina. Ule wa kughushi, nina hakika, utakuwa na sauti ya msichana wa 1984, kwa maana hiyo ndiyo sauti iliyojaa kwenye mtandao kwa kompyuta kujifunzia.

Mweka Hazina, Mombasa

Narudi kuwapa habari, maana mmenisaidia kuliko mnavyodhani.

Ijumaa baada ya Alasiri nilikwenda Kisauni kwa mjane wa mwenzetu. Eda yake ilishamalizika zamani. Nilimfungulia daftari, na yeye akawa anapitisha kidole juu ya saini za mumewe, mwezi baada ya mwezi, kila moja ikiwa na ule mkia mrefu aliokuwa akiuvuta hadi nje ya mstari. Alipofika Septemba 2024 alisimamisha kidole pale kwa muda. Kisha akazihesabu shilingi 12,400, akatia saini chini ya saini ya mwisho, akaniuliza kama yule mama wa watu ameshaimba. Nikamwambia upo wimbo mmoja, wa mzazi kwa mwanawe. Akaniomba nimsikilizishe. Tuliuweka kwa simu juu ya meza ya plastiki, na ulipokwisha akasema niurudie.

Kuhusu duka, niliwaandikia nikitaka namba ya katalogi na majina ya watunzi. Walinijibu kwamba nafasi zinakaribia kuisha, nikauliza tena, wakanyamaza. Niliwakusanya wanachama Jumapili nikawachezea nyimbo mbili zile moja baada ya nyingine, kama Fundi alivyoelekeza. Sikuhitaji kueleza mengi. Yule aliyekuwa mstari wa mbele kutaka tulipe ndiye aliyesema wa kwanza, "Huyu siye."

Shilingi 140,000 zilizobaki, yaani 14,000 za kila mmoja wetu 10, zimeandikwa upya kwa majina na zitahamia akaunti yenye watia saini watatu. Michango imesimama. Sanduku la santuri bado tunalijadili, kwa kuwa gharama ya kulileta na ushuru si ndogo, na nimekataa kugusa fungu la mtu yeyote mpaka akubali kwa maandishi.

Hata hivyo hatungoji sanduku. Mwanachama mmoja anayo nakala yake ya Love Deluxe, na Jumamosi tarehe 14 Juni tutaisikiliza nzima. Tutaanza na upande wa pili, kwa sababu ndiko uliko Pearls, ule wimbo wa mwanamke wa Somalia anayeokota punje kando ya barabara, ambao marehemu hakukubali kamwe mtu azungumze ukichezwa. Mjane amesema atakuja na binti yake. Kama kuna mtu hapa Mombasa mwenye sindano ya ziada ya mashine ya santuri, tafadhali aniandikie kabla ya siku hiyo, kwani ya kwetu imechakaa na naogopa itaikwaruza sahani ya mwenzetu.