Naomba ushauri: neno "sovieti" niwaeleze vipi wanafunzi wangu?

MwalimuWaZamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha sita na sasa tuko kwenye Mapinduzi ya Urusi. Nimesahihisha madaftari, nimekuta karibu darasa zima linaandika "Wasovieti" kana kwamba ni kabila. Mmoja kaandika "Wasovieti walimpindua mfalme wao kwa sababu ya njaa na vita". Mwingine kachora ramani ya mwaka 1917, kaandika Sovieti juu ya Ukraine kama nchi jirani.

Wakibaki hivyo, tukifika kwenye ile kauli ya Lenin, kiongozi wa chama cha Wabolsheviki, "madaraka yote kwa sovieti", watapotea kabisa. Madaraka apewe nani? Naomba mnisaidie asili ya neno hili, na nitumie Kiswahili gani ili wanielewe. Natanguliza shukrani.

KakaWaBandarini
Mwalimu, waambie ni nchi iliyokuwa na jamhuri 15 ikavunjika mwaka 1991. Inatosha, mtihani hauulizi asili ya neno.

MjukuuWaMkalimani
Kaka, jibu hilo ndilo linalowapoteza. Mwaka 1905 nchi hiyo haikuwepo, lakini sovieti zilikuwepo.

Mwalimu, kwa Kirusi *sovet* ni neno la kila siku. Lina maana mbili: shauri, na baraza. Mtu akitaka ushauri wa mwenzake anaomba *sovet*. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Warusi wanaliita *Sovet Bezopasnosti*, na halina uhusiano wowote na ukomunisti. Mfalme wa Urusi, Tsar Alexander wa Kwanza, alipounda Baraza la Dola mwaka 1810, neno lilikuwa hilohilo. Mzizi wake *vet* unahusu kusema, ndio ulio ndani ya *otvet*, jibu, na *privet*, salamu. Kipande cha mbele kina maana ya "pamoja". Kwa hiyo ni watu kukaa na kusemezana.

Sisi tunalo neno linalofanana nalo ajabu: halmashauri. Shauri limo ndani, na chombo chenyewe kimo. Wafini nao walifanya hivyo: *neuvo* ni shauri, *neuvosto* ni baraza, na Muungano wa Kisovieti wakauita *Neuvostoliitto*. Waukraine walitumia neno lao *rada*, na mpaka leo bunge lao ni *Verkhovna Rada*, yaani Baraza Kuu. Mtoto wa Helsinki alisikia "muungano wa mabaraza". Wetu anasikia jina la watu asiowajua, kwa sababu neno lilitufikia likiwa bado la Kirusi.

BintiMaktaba
Naongezea historia, maana hapo ndipo neno lilipopata uzito.

Mei 1905, wafanyakazi wa viwanda vya nguo mji wa Ivanovo-Voznesensk waligoma. Walitaka siku ya kazi iwe ya saa nane, na mishahara ipande. Wakachagua wajumbe wapatao 150 wa kuzungumza na wenye viwanda, wakawa wanakutana kando ya mto Talka. Hilo ndilo huhesabiwa kuwa sovieti ya kwanza ya wafanyakazi. Oktoba mwaka huohuo ikaundwa ya St. Petersburg, mjumbe mmoja kwa kila wafanyakazi 500. Mwanamapinduzi Trotsky alikuwa kati ya viongozi wake, mpaka serikali ilipowakamata Desemba.

Mwaka 1917 ikazaliwa upya Petrograd, ndio mji uleule wa St. Petersburg kwa jina jipya, safari hii na askari ndani yake: kila kombania ya jeshi ilileta mjumbe wake. Ukumbi wa Jumba la Tauride ukafurika, wajumbe wakafika karibu 3,000. Hapo darasa lione jambo moja: Lenin alipoanza kudai madaraka yote yaende kwa sovieti, Wabolsheviki walikuwa wachache ndani ya sovieti hizo. Walio wengi walikuwa wa vyama vingine vya kisoshalisti, Wamensheviki na Wasoshalisti Wanamapinduzi.

MwalimuWaZamu
Asanteni sana, hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Wasiwasi wangu ni halmashauri. Nikilitamka, watamwona mkurugenzi wa wilaya na risiti za ushuru wa soko. Je, baraza lisiwe bora?

MzeeWaKigoma
Mwanangu, mimi nasema baraza. Halmashauri kwetu ni ofisi ya serikali, na sovieti ya 1905 ilikuwa inapambana na serikali. Usiwachanganye vijana.

MjukuuWaMkalimani
Shikamoo mzee. Naheshimu hoja yako, ila baraza peke yake linapoteza lile shauri. Mwalimu ayatumie yote mawili, kisha aseme tofauti wazi: mjumbe alitoka kiwandani au kikosini, si kwenye kata, na waliomchagua waliweza kumwondoa wakati wowote, bila kungoja uchaguzi mwingine. Hiyo haki ya kumrudisha mjumbe ndiyo roho ya jambo. Mwanafunzi akiishika hiyo, amezielewa sovieti.

BintiMaktaba
Na aelewe pia ilivyopotea. Machi 1921, Wabolsheviki wakiwa tayari ndio serikali, mabaharia wa Kronstadt, kituo cha jeshi la majini kisiwani karibu na Petrograd, walitoa madai yao, na la kwanza kabisa lilikuwa sovieti zichaguliwe upya kwa kura ya siri, kwa kuwa zilizopo hazikuwa tena sauti ya wafanyakazi na wakulima. Jeshi Jekundu, yaani jeshi la serikali hiyo, likavuka bahari iliyoganda likawashambulia. Aliyekuwa na dhamana ya jeshi ni Trotsky, yuleyule wa sovieti ya 1905. Inaniuma kila nikiisoma.

Muungano ulipoundwa tarehe 30 Desemba 1922, nchi nzima ikachukua jina la mabaraza. Baadaye raia alipewa karatasi ya kura yenye jina la mgombea mmoja, na Sovieti Kuu, yaani bunge la nchi, ikawa inapitisha kwa kauli moja kile Chama cha Kikomunisti kilichokwisha kuamua.

KakaWaBandarini
Nimekuelewa dada. Basi "Wasovieti" lisitumike kabisa?

BintiMaktaba
Litumike kwa raia, kuanzia hapo 1922. Ndani yao walikuwemo Warusi, Waukraine, Wauzbeki, Wageorgia. Stalin mwenyewe alikuwa Mgeorgia. Kwenye insha za 1905 na 1917, mwalimu adai herufi ndogo na jina la mji: sovieti ya Petrograd, sovieti ya Moscow. Mwanafunzi akilazimika kutaja ni sovieti ya wapi, hawezi tena kuandika kabila.

MwalimuWaZamu
Hiyo ya kutaja mji nimeichukua, naanza nayo kipindi cha Jumatatu.