Rili ya mpira wa upepo kwa gereji ya nyumbani, nichukue ipi?

Wakuu habari, nina kompresa ya lita 50 hapa home na mpira wangu unazagaa chini kila siku, juzi gari limeukanyaga ukapasuka. Nataka rili, lile gurudumu la kuviringishia mpira, ya kufunga ukutani, ya springi au ya kuzungusha kwa mkono? Mita ngapi?

Fundi_Mbezi: Mkuu cha kwanza angalia unene wa mpira, robo inchi ni wa kujaza upepo na kupuliza vumbi tu, kama unafungua nati za tairi kwa mashine chukua wa inchi 3/8 la sivyo mashine inakosa nguvu kabisa. Mita 15 zinakutosha.

mama_gereji: Springi raha sana ila usiuachie mpira ujirudishe wenyewe, ushike mpaka mwisho, kile kichwa cha chuma kikikupiga usoni utajuta. Na funga kwenye zege au nguzo, tofali tupu bolti zinalegea.

Kijana wa Kongowe: Mi natumia ya mkono mwaka wa tatu. Kabla hujalipa omba waipe upepo, paka povu la sabuni pale inapozungukia, ikitoa mapovu iache hapohapo dukani.